Siga Iliyokwenda na Mahari

Mzee Lupakisyo hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote, hata wa redio ya nyumbani kwake, ambayo iko chini ya mamlaka ya mkewe Teresia. Lakini mtaa wetu hapa Kilosa unamwita Meneja. Jina alilipatia msibani. Aliombwa apange tishu mezani, basi akazikunja moja moja zikawa bata wenye shingo ndefu, na wafiwa wakashindwa kulia vizuri kwa sababu kila aliyetaka kujipangusa machozi alimwonea bata huruma.

Babu yake alitoka Rungwe kuja kukata mkonge Kimamba, na baba yake akaukata mkonge huohuo. Yeye alipofika umri wa kushika panga aliutazama mkonge, mkonge nao ukamtazama, wakaelewana kila mmoja ashike njia yake. Akadandia lori hadi Mikumi, akaajiriwa kwenye kambi moja ya watalii pembeni mwa hifadhi. Siku hizi kambi yenyewe haipo, imebaki misingi na nyani. Huko alibeba sinia mpaka akastaafu, akarudi Kilosa na saa ya ukutani, shuka mbili, adabu nyingi kuliko zinazohitajika mjini kwetu, na siga moja.

Siga ni ile sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi, ambayo kwenye sinema huvutwa na matajiri na wauaji. Ya Lupakisyo ilikuwa ya kahawia iliyokolea, ndefu kama shibiri, imevaa pete ya karatasi ya dhahabu. Alipewa na mzee mmoja wa Kihispania aliyevuka bahari kuja kumwona simba. Wiki nzima simba wa Mikumi wakakataa kuonwa. Mgeni wa watu aliona nyumbu, aliona twiga, aliona lori la mafuta limelala ubavu kwenye barabara kuu. Simba hakuna. Jioni ya mwisho Lupakisyo alipeleka maganda ya viazi nyuma ya jiko, akamkuta simba jike amejilaza chini ya tangi la maji, anapunga upepo. Mtu mwingine angepiga mayowe na kambi nzima ingepanda mitini. Yeye alirudi taratibu, akaweka kitambaa mkononi, akamwinamia mgeni sikioni kama anayetangaza supu ya siku, akamjulisha kwamba simba yuko tayari.

Mhispania alilia kwa furaha, akatoa ile siga kwenye mfuko wa shati. Dereva wa kambi ndiye aliyetafsiri. Majani yake yalilazwa ghalani miaka na miaka kabla ya kuviringwa, na hata baada ya kuviringwa inaendelea kukomaa, kila mwaka utamu unaongezeka. Isikauke, isilowe, na isivutwe siku ya kawaida. Dereva akaongeza la kwake, kwamba inazeeka kama sisi, ila yenyewe inapendeza.

Hilo la siku ya kawaida ndilo lililomtesa Lupakisyo. Siga ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kigae cha mtungi kilicholoweshwa ili kuipa unyevu kidogo. Kila Jumapili baada ya misa alifungua kopo, akakilowesha kigae upya, akaibinya siga kwa vidole viwili kama daktari anayetafuta mapigo, akanusa, akafunika. Teresia husema tangu waoane yeye hajawahi kujuliwa hali mara nyingi hivyo.

Na siku haikuja. Alipostaafu alilitoa kopo, akafikiri, akaona kustaafu ni kama kuambiwa ukalale, mtu hasherehekei kulala. Mwanawe wa pekee, Emanueli, alipomaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa ya kuvutia sigara ya kawaida, tena nusu. Treni ya umeme ilipopita Kilosa mara ya kwanza alikwenda kusimama karibu na reli, siga mkononi, kiberiti tayari, amevaa koti. Hakujua mwendo wake. Alipomaliza kuifungua siga kwenye kitambaa, treni ilikuwa imekwisha, watu wanajikung'uta vumbi. Akairudisha koponi. Mtaani tukaanza kusema ile siga itamzika mwenyewe, na wapo waliojitolea kuivuta siku hiyo kwa niaba yake.

Kisha Emanueli akapata mchumba. Emanueli ni fundi friji huko Mikumi, na Upendo anauza soda za baridi karibu na stendi. Friji la Upendo lilikuwa likiharibika mara tatu kwa mwezi, na Mikumi nzima ilijua ni nani anayelichokonoa ili aitwe tena. Upendo alilelewa na bibi yake, Bibi Doto wa Mamboya, kule milimani, na habari zikaja kwamba wazee wa Mamboya wako tayari kupokea mahari.

Lupakisyo aliposikia aliinuka palepale. Alikwenda chumbani, tukasikia kopo linafunguliwa. Alipotoka alimwambia Teresia kwamba siku ndiyo hiyo. Siku ukoo wa watu utakapokubali kumpa mwanawe mke, vigelegele vikilia, yeye atatoka nje, atakaa kwenye kiti, atapandisha mguu juu ya mguu, na ataivuta siga yake mpaka mwisho huku dunia ikimwangalia.

Sasa, kuna mambo mawili ya huko ambayo ni lazima uyajue.

La kwanza, kwenye mahari baba wa kijana hana mdomo. Anayesema ni mshenga. Baba ni mkoba tu, hubebwa, huwekwa chini, na mkoba hausemi. Akisema, anatozwa faini. La pili, ukiacha mbuzi, blanketi la babu na khanga za mama, kuna tumbaku ya bibi. Bibi aliyemlea binti ndiye mwenye neno la mwisho, na neno hilo hulitoa akishapokea tumbaku yake. Na kitu kikishaingia kwenye mahari hakirudi. Kikirudi, na binti anarudi.

Teresia alinunua tumbaku sokoni, pindi zima lililosukwa kama kamba ya kufungia ng'ombe, akalifunga kwenye kipande cha khanga kuukuu, akaliweka kikapuni juu ya blanketi. Usiku akalitoa. Lilikuwa linanuka kiasi kwamba blanketi jipya lilianza kunuka kama mlinzi. Akalianika dirishani lipigwe upepo, akakusudia kulirudisha alfajiri. Alfajiri kulikuwa na chai, kulikuwa na kupiga pasi, kulikuwa na mshenga Evance aliyefika mapema na kwaya nzima ya maagizo. Unajua mwenyewe.

Evance ni mwalimu wa kwaya, ameokoka, sauti yake inatosha kanisa bila spika. Walikodi gari aina ya Noah, wakaingia wanaume saba na kikapu. Lupakisyo alikuwa na siga kwenye mfuko wa koti, imefungwa kwa kipande cha khanga ileile ya Teresia. Mpaka Dumila mambo yalikuwa mazuri. Walipoiacha lami na kuanza kupanda kuelekea Berega, kila shimo lilimtupa Evance ubavuni mwake, na Evance ni mtu wa kilo. Lupakisyo aliisikia siga ikilalamika. Akaitoa mfukoni kwa siri, akailaza kikapuni juu ya blanketi, mahali palaini, akajisifu kwa busara zake.

Mamboya walipokewa vizuri. Shikamoo zilitolewa kwa mpangilio, marahaba zikarudi kwa mpangilio, wakakalishwa sebuleni kwa mjomba wa binti, bwana Samson, mtu mwembamba mwenye sura ya hakimu aliyekosa kesi. Bibi Doto alikaa kwenye mkeka pembeni, miguu ameinyoosha, kafunga khanga kiunoni, haonyeshi dalili ya kusikiliza. Lupakisyo aliwekwa karibu na mlango kama mkoba.

Evance alikuwa hodari. Aliimba utani, akasifu milima, akataja blanketi, blanketi likapokewa. Akataja khanga, zikapokewa. Samson akakohoa kidogo na kusema kilichobaki ni tumbaku ya bibi.

Evance akaingiza mkono kikapuni. Akapapasa. Akakuta kifurushi cha khanga, akakinusa, tumbaku. Akapiga goti akakitoa kwa mikono miwili.

Lupakisyo aliyekuwa ameketi aliinuka nusu, akakaa. Alifungua mdomo, akakumbuka kwamba hana. Basi akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu chenye maelezo ndani yake, kilichotaja siga, Mhispania, kopo na simba, na alimtazama Evance kwa macho ya mtu anayezama. Evance akamwonea huruma, akaomba mkoba upewe maji.

Bibi Doto alikifungua kifurushi. Akaitoa siga. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaipitisha chini ya pua polepole kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayepuliza filimbi, kisha akaipitisha tena akirudi. Akaivua ile pete ya karatasi ya dhahabu, akaijaribu kwenye kidole kidogo, ikaingia.

"Mimi nimeshaolewa," akasema. "Sasa tuendelee na huyo mtoto."

Watu wakacheka, hata Samson. Lupakisyo peke yake hakucheka. Alikuwa anaiaga siga. Miaka yote ile, Jumapili zote zile, na sasa ilikuwa mkononi mwa bibi wa watu ambaye pengine angeipondaponda iwe ugoro.

Lakini bibi aliomba kiberiti, na hakuwasha. Alimnyooshea Evance siga na kiberiti pamoja. Kwao tumbaku haipokelewi hivihivi. Aliyeileta huionja kwanza mbele ya watu, isije ikawa na dawa. Asipoonja, inarudi naye kwenye kikapu, na kikapu kinarudi na vyote vilivyokuwamo.

Evance akaitazama kama mtu aliyepewa nyoka na kuambiwa avae.

"Bibi, mimi nimeokoka," akasema.

"Sijakuuliza. Nimesema onja."

"Kifua changu, bibi, naimbia."

"Basi onja, ukikohoa ukohoe kwa sauti ya nne."

Evance aliisogeza siga mdomoni. Aliishika katikati, kwa ngumi, kama kipaza sauti, na upande aliouelekeza mdomoni ulikuwa wa kuwashia. Samson alikuwa anaangalia, wazee walikuwa wanaangalia, na kule Mikumi Emanueli alikuwa amekaa juu ya friji akisubiri simu. Kila mtu aliona kwamba mshenga ataitapika mahari palepale sebuleni. Njiwa kwenye bati walikuwa wanasikika.

"Niachie mimi," akasema Lupakisyo.

Hakuna aliyegeuka mara moja. Halafu wote wakageuka. Samson alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyepata kesi hatimaye.

"Nimesikia mkoba ukisema," akasema.

Lupakisyo akasema kweli umesema, na faini ataitoa, waseme tu.

"Jogoo," akasema Samson.

"Jogoo na mwenzake," akasema Lupakisyo. "Maana bado sijamaliza. Naomba kisu kikali, sahani safi na kitambaa."

Pale ndipo Mamboya ilipomwona Meneja. Aliweka kitambaa mkononi, akapiga goti mbele ya mkeka kama anayehudumia meza namba moja. Siga akailaza kwenye sahani, akaikata kichwa kwa kisu cha vitunguu, kipande kidogo tu, kama unavyomkata mtoto ukucha. Akawasha kiberiti, lakini hakuibandika motoni. Aliipasha kwanza kwa mbali huku akiizungusha, kijiti kikaisha, akawasha kingine, mpaka ule mwisho ukawa mwekundu sawasawa pande zote. Ndipo akaitia mdomoni akavuta.

Hakumeza moshi. Mhispania alimwonyesha, unaukaribisha mdomoni, unazungumza nao, unauaga. Moshi ulikuwa mzito na laini. Kwanza ulikuja kama kahawa inayokaangwa nyumba ya jirani. Ukafuata utamu wa zabibu kavu, kisha kitu kama sanduku la mbao la nguo za bibi harusi, na mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, ile harufu ya udongo wa Kilosa mvua ya kwanza inapoudondokea. Aliuachia ukaondoka polepole kuelekea darini. Akavuta tena, macho ameyafumba. Sebule ilinukia kiasi kwamba wazee wawili walisogeza viti karibu bila kuambiana. Lupakisyo alikuwa amepiga goti kwenye sakafu ya watu, hana kiti, hajapandisha mguu, vigelegele hakuna, na wala hakukumbuka kwamba alivitaka. Akavuta mara ya tatu. Ya nne.

"Mkwe," akasema Bibi Doto. "Nimesema uonje. Sijasema uhamie."

Lupakisyo akampa, kwa mikono miwili, sahani chini yake. Na hapo aliona jambo ambalo miaka yote Mikumi hakuliona. Bibi Doto aliigeuza siga, akauingiza ule upande wa moto ndani ya mdomo, akafunga midomo. Ndivyo wavutavyo bibi zetu wengi, moto ndani, baridi nje, upepo wa shambani usikuzimie wala majivu yasikudondokee kwenye kilemba. Lakini Lupakisyo alikuwa mtu wa adabu za hotelini, na siga ile alikuwa ameilea. Alishika kifua. Moshi ulitoka kwenye pua za bibi mistari miwili iliyonyooka, kama ng'ombe asubuhi ya baridi, na uso wa bibi ukalegea, ukawa uso wa msichana fulani ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kumjua.

Alivuta kwa muda. Kisha akaitoa, moto bado unawaka, akamtazama mkwe wake aliyekuwa bado amepiga goti na macho yake yakifuata siga kama ya mbwa wa buchani.

"Ukiniangalia hivyo itanikaba," akasema. Akachukua kile kisu, akaikata siga katikati, ule upande wa baridi akamtupia kwenye sahani. "Shika chako. Kaa hapa mkekani, goti hilo litavunjika kabla ya harusi."

Wakavuta nusu kwa nusu, yeye moto ndani, Lupakisyo moto nje, mabega karibu kugusana. Samson alijaribu kurudisha kikao kwenye utaratibu, akaambiwa na bibi asubiri, watu wazima wana kazi. Bibi akamwuliza mkwe hii tumbaku imekaa muda gani, maana pua yake inamwambia ni mwingi. Lupakisyo akajibu imekaa tangu Emanueli akiwa mtoto wa kubebwa.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Siku, mama."

Bibi Doto akacheka mpaka moshi ukatokea mahali ambapo haukutarajiwa. "Siku," akasema. "Kwangu mimi tumbaku ikilala siku mbili, ujue nimekufa, njooni na sanda."

Lupakisyo naye akacheka. Majivu yakamwangukia kwenye koti, koti la kupandishia mguu, na hakuyakung'uta. Bibi alipomaliza kipande chake, akafuta mdomo kwa pembe ya khanga, akamgeukia Samson na kusema amepokea. Ndipo vigelegele vikalipuka kutoka jikoni, na Evance akashika wimbo kwa sauti iliyookoka na kuokolewa, mpaka njiwa wote wakahama kwenye bati.

Walipokuwa wanaagana, bibi aliushika mkono wa Lupakisyo, pete ya karatasi bado iko kidoleni, akamwambia siku ya harusi waje na tumbaku kama ile. Siyo nyingine. Kama ile. Kisha akauachia.

Harusi ni baada ya mavuno. Mhispania hajulikani aliko, na akipatikana, haijulikani simba atapatikana wapi. Lupakisyo alionekana Mikumi wiki iliyopita, kwenye mgahawa wanakosimama watalii, amevaa koti, anawasabahi wazungu kwa lugha nne na kuwachungulia mifuko ya mashati. Aliambulia peremende.

Sasa amebadili mbinu. Lile pindi la tumbaku la sokoni lilikuwa bado dirishani waliporudi, limepigwa upepo vya kutosha. Amelinyoosha jani kwa jani, ameliviringa kwa mikono yake, nene, kama shibiri, na kulitia kwenye kopo la maziwa pamoja na kigae. Kila Jumapili baada ya misa analibinya. Pete amelivisha ya karatasi ya chokoleti. Teresia anasema ile pua ya Mamboya italikamata kabla halijatoka kikapuni, na bibi atamlazimisha alionje mwenyewe mbele ya wageni wote.

Lupakisyo anasema ndiyo hesabu yake. Ameshatenga jogoo wawili wa faini ya siku hiyo, wanakula vizuri.